Chinook ZA718: je, ni helikopta ile ile miaka yote?

Mpenzi wa Anga
Ndugu zangu, naomba kuelimishwa kuhusu Chinook ya Jeshi la Anga la Uingereza yenye namba ZA718, ijulikanayo kama Bravo November kutokana na herufi BN zilizoandikwa ubavuni mwake. Marubani wanne, kila mmoja kwa wakati wake, walipata nishani ya ushujaa ya DFC wakiirusha. Ilinusurikaje peke yake mwaka 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina vya visiwa vya Falkland, na je, ni haki kuiita helikopta moja ilhali imefumuliwa na kuundwa upya mara kadhaa?

Fundi Mstaafu
Ilinusurika kwa sababu ilikuwa angani. Tarehe 25 Mei 1982, makombora ya Argentina aina ya Exocet yaliipiga meli ya mizigo Atlantic Conveyor karibu na visiwa vya Falkland, na Chinook tatu zilizokuwa humo zikateketea pamoja na vipuri, vifaa vya ufundi na vitabu vya matengenezo. Bravo November, iliyokuwa imeruka, ikaenda kutua kwenye manowari Hermes. Tangu hapo mafundi waliihudumia karibu mikono mitupu, nayo ikabeba askari, mizinga, majeruhi na mateka. Safari moja ilipakia askari wa miavuli 81, wengi kupita kiasi kwa ndege ya aina hiyo. Usiku mmoja, ikirudi kutoka kupeleka mizinga ya milimita 105, iligonga maji katikati ya theluji, mlango wa rubani msaidizi ukatoka, lakini Dick Langworthy akaiinua tena. Yeye ndiye wa kwanza kati ya hao wanne.

Mwana Mitambo
Naongeza watatu waliobaki: Steve Carr, Iraki, mwaka 2003, katika uvamizi wa rasi ya Al-Faw; Craig Wilson, Helmand, Afghanistan, mwaka 2006; na Ian Fortune, Helmand pia, mwaka 2010, ambaye risasi ilimpiga kwenye kofia yake ya urubani alipokuwa akiondoa majeruhi, akajeruhiwa usoni, na bado akaifikisha ndege salama.

Kuhusu swali la pili, ni kweli kwamba ilitoka toleo la HC1 ikawa HC2, kisha HC4, yenye injini zenye nguvu zaidi na skrini za kidijitali mbele ya rubani. Hata hivyo, mimi naiita ile ile, kwa kuwa katika urubani kitambulisho cha ndege ni namba yake ya usajili na kumbukumbu za matengenezo zinazoandamana nayo. Injini ni kifaa cha kubadilishwa. Hata Chinook ambayo haijawahi kuona vita hubadilishiwa.

Mpenzi wa Anga
Nashukuru sana. Je, bado inaruka?

Fundi Mstaafu
La, ndugu yangu. Tangu mwaka 2022 imewekwa katika makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza huko Cosford.