Jina "Chakula cha ng'ombe" linabaki "ombe" nikisoma XML kwa PHP

FundiRongai
Hamjambo wadau. Nashughulikia tovuti ya duka la pembejeo hapa Nairobi, karibu na soko la Wakulima. Kila usiku tovuti inavuta bidhaa na bei kutoka kwa msambazaji kwa faili la XML, yaani data iliyofungwa ndani ya tagi kama `<jina>`. Nalisoma kwa fankisheni za PHP, `xml_parser_create` na `xml_set_character_data_handler`.

Ndani ya faili imeandikwa `<jina>Chakula cha ng&apos;ombe</jina>`. Kwenye ukurasa inatokea "ombe" tu. `Mbolea &amp; mbegu` nayo imekuwa "mbegu". Leo mteja amepiga simu kuuliza "ombe" ni dawa ya nini, na mwenye duka anaamini nimemharibia hifadhidata. Siku 2 sijalala vizuri. Nimefikiria kupitisha faili zima kwenye `html_entity_decode`, inayogeuza vifupisho kama `&amp;` kuwa herufi zenyewe, kabla ya kulisoma. Itafaa?

BintiWaSeva
Usithubutu, ndugu yangu. `&amp;` itageuka & tupu, `&lt;` itageuka <, na hapo huna tena XML halali; itagoma kusomeka. Faili lako ni zima.

Kosa liko kwenye fankisheni yako ya kupokea maandishi. Penye entiti (kifupisho kama `&apos;` kinachosimama badala ya herufi), maandishi ya tagi moja huletwa vipande vipande: "Chakula cha ng", halafu kile kiapostrofi, halafu "ombe". Bila shaka umeandika `$jina = $data`, kwa hiyo kila kipande kinafuta kilichotangulia. Weka `$jina .= $data`, na uhifadhi pale tagi inapofungwa. Hata pasipo entiti, ukisoma faili kwa mafungu, neno linaweza kukatika katikati fungu linapoishia.

MkaaUmoja
Hivyo hasa. Kumbuka pia XML inazijua entiti 5 tu kwa asili: `&amp;`, `&lt;`, `&gt;`, `&quot;` na `&apos;`. `&nbsp;` na `&eacute;` ni za HTML. Msambazaji akizitia bila kuzitangaza, utapata kosa. Mwombe aandike `&#160;` na `&#233;`, au herufi zenyewe kwa UTF-8.

Ukihamia SimpleXML, njia nyingine ya PHP ya kusoma XML, utashauriwa uweke chaguo la `LIBXML_NOENT`. Tafadhali usiweke. Jina lake linapotosha, kwani linasikika kama "hakuna entiti": kazi yake ni kuruhusu entiti zibadilishwe kwa maudhui yake, na mwenye nia mbaya anaweza kutangaza entiti ya nje inayosoma faili za seva yako. Hilo faili hukuliandika wewe.

FundiRongai
Asanteni sana! Jina la kwanza limerudi kamili. Ila la pili sasa linasomeka "Chakula cha ng'ombeMbolea & mbegu".

BintiWaSeva
Hukusafisha `$jina` kabla ya bidhaa inayofuata. Tagi ya `jina` ikifunguka, anza na `$jina = ''`. Na unapolitoa kwenye ukurasa, lipitishe kwenye `htmlspecialchars`, inayorudisha & kuwa `&amp;` kwa ajili ya HTML, maana sasa hiyo & ni tupu kweli.

FundiRongai
Zote zimekaa sawa. Nampigia mwenye duka sasa hivi.