Vitufe vya gari vinanata kama ulimbo, halafu naulizwa "huwa unapaka losheni?"

MzeeWaVitufe:

Wakuu, naandika nikiwa bado nimekaa kwenye gari nje ya geti la walioniuzia gari, mkono wa kulia umenata mlangoni. Jina sitaji, wenyewe mnawajua. Wale ambao siku ya kununua unakaribishwa na watu watatu, siku ya kulalamika hata mlinzi anajifanya anaongea na simu.

Gari lina miaka miwili na miezi miwili. Waranti ni miaka mitatu. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Sasa vitufe vya vioo, mshikio wa mlango na kile kiboksi cha kuegemeza kiwiko vimeanza kunata. Sitanii. Kuna inzi alitua kwenye kitufe cha kioo cha nyuma tangu Jumanne, mpaka leo yupo, tumeshamzoea. Ukibonyeza, kidole kinatoka cheusi kama umetoka kuchukuliwa alama za vidole.

Nimefika, kaja kijana ana tai na kishikwambi. Kabonyeza kitufe mara moja. Kakiangalia kidole chake. Kachomoa tishu, kajifuta taratiiibu, kaikunja, kaichomeka kwenye mfuko wa mlango WANGU, ndipo akauliza: "Samahani mheshimiwa, huwa unapaka losheni?"

LOSHENI.

Mimi na mvi zangu hizi, wateja wengine wamekaa wanasikiliza, naulizwa habari za losheni. Nikamwambia mbona na mlango wa nyuma unanata, kule nako huwa nafika saa ngapi nikiwa naendesha? Akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejijua, akaandika. Nikachungulia. "Athari za vipodozi." Imekataliwa.

Siti nayo ngozi imeanza kuchanika pale unapoteleza ukishuka, lakini hilo tuliache, leo sina nguvu nalo. Nachouliza ni kimoja: kama ni losheni yangu, yeye alikuwa anajifuta nini? Kabonyeza MARA MOJA!

Mods, msiupeleke uzi huu jukwaa la urembo.

Kiti_cha_Mbele:

Uzi bila picha ni chai. Halafu hujajibu swali, mkuu. Unapaka au hupaki?

Bibi_Gia:

Hahahaha eti inzi tumeshamzoea. Mpeni jina basi.

FundiSponji:

Pole mzee. Mimi hizo ndizo zinazonilisha. Chini ya hicho kitufe kuna plastiki ngumu ya kawaida kabisa, kama ya ndoo. Juu wanapuliza rangi laini ya poliyurethani ili ukigusa uhisi mahaba. Joto na unyevu vikiikolea, ile rangi inavunjika yenyewe na kurudi kuwa gundi. Nimeshafungua gari lililokaa ndani miaka, halina mtu wa kuligusa, vitufe vinanata vilevile. Losheni inaweza kuharakisha, lakini ugonjwa ulitoka nao kiwandani.

MzeeWaVitufe:

@FundiSponji UBARIKIWE. Nakuja kuchapisha hii nimbandikie yule kijana kwenye tai. Na haitahitaji gundi, nitaipitisha kwanza kwenye kitufe changu.

Mwanasheria_wa_Kijiweni:

Kabla hujaenda, fungua kitabu cha gari, sehemu ya usafi wa ndani. Vingi vimeandika wazi kwamba mafuta ya kujikinga na jua, manukato na dawa za mbu vinaharibu plastiki na ngozi. Na dawa ya mbu kweli inayeyusha plastiki, hiyo sikutanii. Kijana hakuyatoa kichwani.

MzeeWaVitufe:

Kwa hiyo gari la kifahari la kushikwa kwa glavu? Si wangeniambia siku ile wananipigia picha na ufunguo wenye utepe? Na hujajibu la tishu.

Kiti_cha_Mbele:

Bado hujasema unapaka au hupaki.

Dari_Limeshuka:

Nyie mnalia vitufe? Chuma changu kitambaa cha dari kimeachia. Naendesha kimenifunika kichwa kama bibi harusi. Kioo cha kati kinanionyesha kitambaa tu, nyuma sijui nani ananifuata. Nikaambiwa "uchakavu wa kawaida". Dari linachakazwa na nini? Nani analikalia?

FundiSponji:

Gundi haina kosa hapo. Kitambaa kimeshikana na sponji nyembamba, sponji ndiyo inaoza na joto inakuwa unga. Usipige pini wala gundi ya kupuliza, haitashika, unagundisha unga. Dari lote linatolewa, linakwanguliwa, linavishwa kitambaa kipya.

Dari_Limeshuka:

Nimeshapiga pini arobaini. Usiku zinang'aa kama nyota, abiria wanasifia.

Bibi_Gia:

Langu linalia. Kwi kwi kwi ndani ya dashibodi, ukifika kwa hao jamaa linanyamaza kama mtoto aliyeona sindano. Nilipompata fundi ndani akalisikia kwa masikio yake, akaniambia makelele ya ndani waranti yake ni miezi 12 ya mwanzo tu. Bodi kutobolewa na kutu wanakupa miaka 12! Waliona mbali, wanajua kutu haitafika kabla hujaliuza kwa hasira.

Mkono_wa_Pili:

Afadhali nyie. Mimi nilinunua kwa mtu nikadhani waranti inaanza siku nimenunua. Kumbe ilianza siku ya mwenye gari wa kwanza. Nilipewa karatasi iliyobakiza siku tisa. Ya kumi skrini ikazimika.

Kiti_cha_Mbele:

Hiyo skrini ina akili kuliko wewe.

Spiriti_Tupu:

Mleta mada, futa na spiriti, ile rangi yote inatoka, inabaki plastiki kavu. Mimi nimefuta. Tatizo na michoro imetoka. Sasa vitufe vyote vyeusi tii, nabonyeza kufunga kioo, buti linafunguka.

MzeeWaVitufe:

Nikifuta mwenyewe watasema nimechezea gari, waranti kwaheri. Wakuu, turudi kwenye ile tishu jamani. Mpaka sasa ipo mfukoni mwa mlango. Nimejaribu kuitoa, imenata.

Godoro_Shimo:

Samahani siyo gari, lakini waranti zote mama mmoja. Godoro langu la waranti miaka kumi limefanya shimo katikati. Wamekuja na rula! Wakapima, wakasema shimo halijafikisha kina cha kuitwa shimo. Nirudi likiongezeka.

Bibi_Gia:

Wamepima ukiwa umelala au umeamka?

Godoro_Shimo:

Nimeamka. Nikawaambia lalieni muone, wakakataa.

Dari_Limeshuka:

Hapo wamekuweza. Wangepima mtu akiwa ndani.

Kiti_cha_Mbele:

Mkuu wa godoro, weka picha ya shimo.