Mjadala: Sanamu ya Milo ni Venus au Aphrodite?

Mtoa mada: Sanamu iliyofukuliwa kisiwani Milos (Milo), Ugiriki, mwaka 1820 na kufikishwa makumbusho ya Louvre, Paris, mwaka uliofuata ni ya Kigiriki, ya marumaru, karne ya 2 KK. Bado dunia inaiita Venus de Milo, kwa jina la mungu wa kike wa mapenzi wa Kirumi, ambaye Wagiriki walimwita Aphrodite. Hoja yangu: makumbusho na vitabu vya shule viache kuchanganya. Mungu wa kike wa Kigiriki aitwe kwa Kigiriki. Karibuni mpinge.

Kilatini Kwanza: Napinga, mkuu. Waliolinganisha miungu hii ni Warumi wenyewe. Mwaka 217 KK, baada ya Hannibal, jemadari wa Carthage, kuwachakaza kwenye ziwa Trasimene, walitandika vitanda sita vya karamu hadharani kwa ajili ya miungu 12, wawili wawili: Jupiter na Juno, Neptune na Minerva, Mars na Venus, Apollo na Diana, Vulcan na Vesta, Mercury na Ceres. Kwa nini Neptune akae na Minerva? Kwa sababu wenzao wa Kigiriki, Poseidon na Athena, waligombea mji wa Athens. Mars na Venus? Ndio Ares na Aphrodite, wapenzi wa siri. Mpangilio huo hausomeki bila hadithi za Kigiriki.

Mtoa mada: Hiyo ni karamu moja. Tazama ibada. Vesta, mungu wa kike wa moto wa jikoni, alikuwa na mabikira sita wa kulinda moto wake mtakatifu, waliochukuliwa wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 10 na kutumikia miaka 30: 10 ya kujifunza, 10 ya kazi, 10 ya kufundisha. Moto ukizimika kwa uzembe, mhusika alichapwa. Moto wenyewe uliwashwa upya kila tarehe 1 Machi. Ukiandika "Vesta = Hestia", yaani mwenzake wa Kigiriki, mwanafunzi atawatafuta mabikira hao Athens na hatawaona. Na Juno Moneta, ambaye karibu na hekalu lake ndipo Roma ilipofulia sarafu, utamfananisha na Hera yupi wa Wagiriki?

Mwanalebo: Nyote mnabishania hadithi, wakati lebo za makumbusho huandikwa kwa ushahidi. Kwanza soma maandishi ya kuweka wakfu kama yapo. Jina lililochongwa pale linashinda yote. Yakikosekana, angalia kitu kilipatikana wapi na waliokiabudu walisema lugha gani. Kikiwa nakala, taja vyote viwili: "Venus, kazi ya Kirumi kwa mfano wa Aphrodite wa Knidos", yaani ile sanamu maarufu ya Kigiriki. Kosa la kila siku ni kuamua kwa vazi. Kofia ya vita na ngao anavyo Athena, na Minerva anavyo vilevile. Kule Bath, Uingereza, maandishi yanasema Sulis Minerva, mungu wa chemchemi wa wenyeji aliyeunganishwa na wa Kirumi. Ukifuta nusu ya jina umewafuta wenyeji.

Na huyo wa Milo hana mikono, kwa hiyo hatujui alishika nini. Wapo wataalamu wanaosema ni Amphitrite, mungu wa kike wa bahari wa Kigiriki. Hata "Aphrodite" ni makadirio, ingawa mimi nayaona mazuri.

Msomaji wa Matendo: Biblia ya Kiswahili iko upande wa mtoa mada. Matendo 19 inamtaja Artemi wa Waefeso, kama Kigiriki kilivyo, ilhali tafsiri ya Kiingereza ya 1611 iliweka Diana kwa mazoea ya Kilatini.

Kilatini Kwanza: Umejifunga mwenyewe, ndugu. Artemis wa Efeso, mwenye kifua kilichojaa vitu vya mviringo ambavyo wataalamu hawajakubaliana ni nini, anafanana wapi na yule Artemis mwindaji wa porini wa hadithi za Kigiriki? Wagiriki nao walimvisha jina lao mungu wa kike wa Anatolia, Uturuki ya leo. Ukimtoa Diana kwa sababu ni jina la wageni, Artemis naye atafuata.

Mtoa mada: Hilo nalikubali kwa Efeso, lebo iandike "Artemis wa Efeso" kamili, isikatwe. Kwa Milo sibadiliki: Aphrodite liwe jina kuu, na "Venus de Milo" libaki chini yake kama jina la umaarufu, maana watalii wanaitafuta kwa jina hilo.

Mwanalebo: Hapo tumeelewana. Sayari ya Venus msiiguse, hiyo kwa Kiswahili ni Zuhura.