Kukua kibinafsi ni nini hasa? Nisaidieni kabla ya Ijumaa

KimyaWaUmoja: Wadau habari za jioni. Mimi ni mzee wa miaka 36, nauza spea za magari pale Kirinyaga Road, nimeoa, tuna mtoto mmoja yuko PP2, bado chekechea. Njaa hatulali lakini naona nimekwama, watu tulioanza nao town wengine wako na maduka yao, wengine wako Qatar, mimi bado nafungua duka la mtu asubuhi, jioni nafunga, napanda matatu ya Umoja, nalala. Juzi bibi akaniambia, wala si kwa ubaya, ati "wewe hukui." Imenikaa kooni mpaka leo. Sasa kuna semina ya kukua kibinafsi Naivasha, wikendi moja na kocha wa maisha, halafu mnaendelea kwa WhatsApp. Nauliza tu, hii maneno inasaidia kweli ama ni ya wenye pesa? Na mtu anajuaje amekua?

NganyaKiti1: 36 hukui tena buda, hapo unapanuka tu.

ShoshDigital: Mwanangu, usimsikize huyo. Mzee Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret 2004 akiwa na miaka 84, kaptula na soksi kama watoto wengine, kisa anataka kujisomea Biblia. Kocha wake alikuwa mwalimu wa shule ya serikali. Mimi mwenyewe nimejifunza kuendesha gari baada ya mzee kutuacha, watoto walikuwa wanataka tuuze ile Vitz nikakataa, siku ya kwanza nilizimika katikati ya raundabauti na basi nyuma inapiga honi nikasema leo ni leo. Sasa napeleka wajukuu kanisani Kangemi na sina haja na mtu.

MtuWaHesabu: Semina ni pesa ngapi?

KimyaWaUmoja: @MtuWaHesabu pesa si shida sana, mimi nauliza maana yake. Kocha alituonyesha piramidi, chini chakula na nyumba, juu kabisa kujitimiza, akasema wengi tunakufa tukiwa ghorofa ya pili.

MtuWaHesabu: Hiyo ni ya Maslow, Mmarekani, ya 1943, na piramidi yenyewe hakuichora yeye, ni watu walikuja wakachora. Mtu yeyote amepitia chuo cha ualimu atakueleza kwa chai na mandazi. Nimeuliza pesa ngapi.

KimyaWaUmoja: 65. Lakini malazi na chakula ndani.

NganyaKiti1: 65 elfu??? Hiyo Naivasha mnalala ama mnanunua?

Mtumishi_Donholm: Ndugu yangu, kukua bila Mungu ni kunenepa. Bibi yako alikuwa anakuambia umeacha maombi, wewe ukasikia semina. Rudini madhabahuni pamoja.

MtuWaHesabu: Ushalipa?

KimyaWaUmoja: Deposit tu, 30. Inayobaki ni Ijumaa, wakishakuandikisha deposit hairudi. Na jameni mtu akinunua kiwanja mnampigia makofi, mimi nikijinunulia akili inakuwa kesi.

MtuWaHesabu: Duka la mtu, mtoto shule, 65 elfu. Imetoka wapi?

KimyaWaUmoja: Sacco. Ni mkopo wa halali, nina akiba yangu pale. Kwa fomu niliandika karo kwa sababu karo inapita haraka, kila mtu anajua. Shemeji yangu alinidhamini na nitalipa kila mwezi, hatasikia hata chochote.

Wakili_Mtaani: Sasa ndio tunaongea. Shemeji ni kaka ya huyo bibi? Na bibi anajua?

KimyaWaUmoja: Ni kaka yake, ndiyo. Bibi nitamwambia nikirudi akiwa ameona mabadiliko.

Wakili_Mtaani: Ukishindwa kulipa Sacco inakula akiba ya mdhamini. Hayo ndiyo mabadiliko ataona.

Mama_Pipeline: Mimi nimeishi na mwanaume wa semina. Alirudi anaamka saa kumi alfajiri kuandika malengo kwa daftari na mtoto analia hapo kando hamuoni. Hukuuliza bibi yako alimaanisha nini? Pengine alitaka tu siku moja umwambie umechoka, badala ya kuingia na kushika rimoti.

Mpelelezi_Baridi: Nyinyi watu mnapenda kuliwa. Akaunti ni ya jana, mtoto yuko PP2 lakini karo imehitaji mkopo, shemeji yumo, bibi hajui, kila ukurasa na drama yake. Kesho ataingia mwingine aseme "mimi nilienda hiyo semina ikanibadilisha" na namba ya kocha chini. Hakuna duka, hakuna Kirinyaga Road. Ni tangazo.

NganyaKiti1: Ngoja tumpime. Niko na Probox, nikikata kona inalia ka-ka-ka, barabara nyoofu iko sawa. Niuzie dawa.

KimyaWaUmoja: Inalia zaidi ukikata kulia ama kushoto? Kama ni kulia angalia jointi ya CV ya kushoto, ya nje. Chungulia nyuma ya tairi, ukipata grisi imerukia rimu ndani ujue buti, ile mpira inafunika jointi, ilipasuka kitambo na mchanga ukaingia. Usiuziwe shafti nzima kama ya ndani iko poa. Na kabla nikutolee nitakuuliza kama gari ina ABS na ile ya zamani ina meno mangapi, kwa sababu kwa macho zinafanana na fundi wako atakurudisha mara mbili. Kama inagonga kwa mashimo pia, hiyo ni kesi nyingine, ni bushi.

NganyaKiti1: Ni kulia. Na grisi iko. Kwani huyu ananiona?

Wakili_Mtaani: Mzee, huo ujuzi una mtihani wake, NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wako Industrial Area, wanapima umakanika kwa gredi na wanakupa cheti.

KimyaWaUmoja: Mimi si makanika, huwa nawasikiza tu wakiongea kaunta.

MtuWaHesabu: Na Ijumaa je?

KimyaWaUmoja: @NganyaKiti1 ya Probox iko, kuja na ya zamani tulinganishe. Niulizie jina ya mzee wa duka ukifika, watakuelekeza.

MtuWaHesabu: Nimeuliza Ijumaa.

Mpelelezi_Baridi: Si nilisema ni tangazo. Ni bidhaa tu sikupatia.

ShoshDigital: Na side mirror ya Vitz ya kushoto mnauza moja ama lazima pacha?