Tupeane uzoefu: konokono wa mradi wa sayansi mnawapata wapi hapa Nairobi?

Mama Wawili, Kasarani: Binti yangu wa gredi ya 5 ameambiwa apeleke konokono hai Jumatatu, wanasoma wanyama wasio na uti wa mgongo. Na huu ni mwezi wa pili, jua kali, vumbi tupu. Mvua ikinyesha hawa wadudu hujaa hadi mlangoni; leo sioni hata mmoja. Waliopitia haya, semeni.

Baba K, Githurai: Dada, mchana utahangaika bure. Mimi na kijana wangu tulitoka usiku na tochi ya simu, tukafuata mfereji wa maji ya bafu nyuma ya ploti. Hapo kuna migomba na nduma. Inua majani makavu na mawe yaliyolala kwenye unyevu, angalia hasa upande wa chini.

Mwalimu Mstaafu: Hata mchana wapo, ila wamelala. Kiangazi konokono hujifungia ndani ya gamba na kuziba mlango kwa ute unaokauka ukawa kama karatasi. Wazazi wengi hudhani amekufa, wanamtupa. Mlaze juu ya kitambaa chenye maji na umwache atulie. Akiwa hai, mara nyingi atatoka mwenyewe. Akiwa ameshika ukuta usimvute kwa nguvu, utamuumiza, mlowanishe kwanza. Na chumvi isimkaribie kabisa.

Shosho wa Sukuma: Sisi tunaolima kando ya mto mbona hamtuulizi? Wananimalizia sukuma na spinachi. Mwaka jana mama mmoja alikuja na mtoto kuomba wawili, nikamwambia chukua karai zima, na kesho urudi! Alidhani natania.

Dada wa Maabara: Shosho, hao wa shambani sawa, lakini wa majini hapana. Usimwingize mtoto kwenye bwawa au maji yaliyotuama. Kuna konokono wadogo wa maji baridi, Biomphalaria na Bulinus, wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ukiwa majini. Hata wa nchi kavu hubeba minyoo, kwa hivyo glavu, au mfuko wa plastiki mkononi, kisha sabuni.

Kijana wa Umoja: Funikeni vizuri jameni. Wetu walisukuma kifuniko usiku, asubuhi mmoja yuko juu ya mswaki wa baba. Huo mradi ulikuwa wa nyumba nzima.

Mpenda Misitu: Karura na Arboretum nendeni mkatazame tu, msibebe kitu bila ruhusa. Na mradi ukiisha, mrudisheni pale pale mlipomtoa. Wale wakubwa wa gamba refu wakiachiwa kwenye shamba la mtu ni balaa.

Mama Wawili, Kasarani: Asanteni sana. Tumewapata chini ya tangi la maji linalovuja, wamejiziba vile vile alivyosema Mwalimu. Wako kwenye ndoo yenye udongo mbichi na majani ya kabeji, kitambaa chepesi juu nimekifunga kwa mpira. Ila mmoja gamba limemeguka ukingoni. Atapona?

Mwalimu Mstaafu: Pale ukingoni hujijenga tena, mama. Saga maganda ya mayai umwekee, anahitaji kalisi.

Shosho wa Sukuma: Akipona usiniletee.