Chicago siku mbili: boti ya mtoni, Willis Tower au 360 Chicago?

Msafiri_Tanga
Wadau, salaam. Nafika uwanja wa ndege wa O'Hare Jumamosi asubuhi katikati ya Oktoba, naondoka Jumapili usiku. Hoteli ipo Loop, katikati ya mji. Mfuko unaruhusu viingilio viwili, kwa kujibana vitatu. Nilinganishieni boti ya mtoni ya kutazama majengo, Skydeck (ukumbi wa kutazamia mji juu ya mnara wa Willis) na 360 Chicago, ukumbi kama huo kwenye mnara mwingine. Kipi niache?

Nahodha_Mstaafu
Boti usiiache. Kwa dakika 90 hivi unapita mto mkuu, tawi la kaskazini, kisha la kusini hadi karibu na Willis yenyewe, huku mwongozaji akieleza mji ulivyojengwa upya baada ya moto wa 1871. Ukiwa mnarani unaona mapaa. Ukiwa mtoni unaona kuta, madirisha, na yale madaraja ya chuma yanayofunguka katikati.

Wengi hukosea gati. Boti nyingine huondokea chini ya daraja la DuSable, Michigan Avenue, nyingine Navy Pier, na kati yake ni zaidi ya kilomita moja. Soma tiketi vizuri, boti haimsubiri mtu. Tena ziko safari za "mto na ziwa": hizo hupitia lango la maji, na kusubiri maji yalingane kunakula muda wa majengo. Chukua ya mto tu. Sitaha ya juu haina paa na upepo wa Oktoba ukibanwa kati ya maghorofa unakata, kwa hiyo vaa koti na kofia inayobana. Usigombanie upande wa kukaa, maana boti hurudi njia ileile.

Ghorofa_kwa_Ghorofa
Naunga mkono. Kuhusu minara, chagua mmoja tu.

Willis: ghorofa ya 103, mita 412 kutoka chini, na vibanda vya kioo vilivyochomoza nje ya ukuta karibu mita 1.3. Ukisimama humo ukatazama kati ya viatu vyako, magari ya Wacker Drive ni kama punje za mchele. Ila foleni ya vibanda ni ya pili, baada ya ile ya lifti, na kila kundi hupewa muda mfupi mno. Simu iwe tayari mkononi kabla hujakanyaga kioo. Jumamosi mchana tenga saa mbili.

360 ipo ghorofa ya 94 ya jengo lililoitwa John Hancock. Ni chini zaidi, lakini lipo jirani na ziwa: kaskazini unaona ufukwe ulivyojipinda, kusini mji wote na Willis ikiwemo. Kwa mandhari naipa 360. Kwa picha ya kioo, Willis.

Usilipie mnara wowote mapema. Asubuhi simama mtaani utazame juu: kama ncha za antena za Willis hazionekani, utalipia mawingu. Na ule ushauri wa zamani wa kupanda hadi ghorofa ya 96 ya Hancock kwa bei ya kinywaji tu hauna kazi tena, pale palifungwa 2023.

Msafiri_Tanga
Nimeelewa, mkuu. Na CityPASS, ile kadi moja ya viingilio vya sehemu kadhaa? Usafiri je?

Senti_kwa_Senti
CityPASS ni sehemu 5 kwa siku 9. Wewe utaingia mbili au tatu, utakuwa unalipia milango usiyoifungua. Iache.

Kutoka O'Hare panda treni ya Blue Line, takriban dakika 45 hadi Loop. Nunua tiketi ya siku pale kwenye mashine: nauli ya safari moja kutoka uwanja huo ina nyongeza, tiketi ya siku haina. Kwenda Willis shuka Quincy, hiyo ni treni ya juu. Kwenda 360 panda Red Line, shuka stesheni iitwayo Chicago, kisha dakika kama kumi kwa mguu.

Bi_Ramani
Ndugu yangu, kabla ya yote angalia tarehe. Jumapili ya pili ya Oktoba ndiyo kawaida ya Chicago Marathon, ile ambayo Kelvin Kiptum aliikimbia kwa 2:00:35 mwaka 2023. Huanzia na kuishia Grant Park, na barabara za katikati ya mji hufungwa. Ikiangukia wikendi yako, teksi isahau, na tiketi ya boti ya Jumapili iwe ya alasiri.

Na hicho kiingilio cha tatu, peleka makumbusho ya Field Museum. Simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, wapo pale. Ni madume wasio na manyoya ya shingoni, na utashangaa udogo wao: Patterson, mhandisi wa reli aliyewaua, alikuwa amezifanya ngozi zao mazulia kabla ya kuwauza kwa makumbusho hiyo mwaka 1924 kwa dola 5,000, kwa hiyo zilikuwa zimechakaa na kukatwa. Tazama na mafuvu. Mmoja alikuwa na jino la chonge lililovunjika.

Nenda Jumamosi, kwa sababu Jumapili ya mbio upande ule haupitiki kirahisi. Basi namba 146 linafika. Wanafunga saa 11 jioni, mwisho wa kuingia saa 10.

Msafiri_Tanga
Nimeangalia, ni Jumapili hiyohiyo ya mbio! Basi Field Jumamosi mchana, 360 jioni kama mbingu ni safi, boti Jumapili saa 9 alasiri.

Ghorofa_kwa_Ghorofa
Sawa kabisa. Kwa 360 ingia saa 11 na robo. Katikati ya Oktoba jua huzama saa 12 na dakika chache, na nafasi za dirisha la magharibi hujaa nusu saa kabla.