Nilimpa fundi dramu ya miaka ya 1960 afungue skrubu tatu na kugandisha pete moja, ameniharibia seti nzima

Ndugu zangu, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Fundi mmoja wa hapa Mwanza, ambaye jina lake na karakana yake sitavitaja, ameharibu kwa wiki tano kitu ambacho miaka zaidi ya hamsini ya unyevunyevu, panya na kusahauliwa haikuweza kukiharibu.

Seti ya dramu ninayoizungumzia ni Ludwig, chapa ya Kimarekani, iliyotengenezwa Chicago katika miaka ya 1960: kiki (dramu kubwa inayopigwa kwa mguu) ya inchi 22, tomu ya inchi 13, tomu ya chini, ile kubwa inayosimama sakafuni, ya inchi 16, na snea (dramu fupi yenye sauti kali) ya inchi 14. Ililetwa kanisani kwetu na wamisionari Wamarekani kabla mimi sijazaliwa, ikapigwa mpaka ngozi zikachanika, kisha ikawekwa stoo ya bati mita chache kutoka ziwani na hakuna aliyeigusa tena. Mwaka jana wazee wa kwaya walinikabidhi kwa maandishi niifufue, na nilifanya kazi hiyo kwa miezi minne, jioni baada ya jioni, kwa sababu nilikuwa nimeshaipiga snea ile nikajua kilichomo ndani yake.

Niliiosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini. Kutu ya juu juu kwenye ringi, yaani duara za chuma zinazobana ngozi, niliiondoa kwa kusugua na karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, kwa kuwa foili ni laini kuliko kromu na haiachi mikwaruzo. Masikio yote, vile vyuma vya ubavuni mwa dramu vinavyopokea skrubu za kukazia ngozi, niliyafungua, nikazitoa springi zilizomo ndani, nikazifuta na kuzifungia vipande vya kitambaa kizito ili zisilie kila dramu inapopigwa. Ganda la plastiki la lulu nyeupe lilikuwa limegeuka rangi ya samli. Hilo si uchafu. Ndivyo lulu nyeupe ya zamani hizo inavyozeeka, na watu wanaozijua dramu hizi huipenda hivyo hivyo.

Zilibaki kazi mbili ambazo sikutaka kuzibahatisha. Pete ya mbao inayoimarisha mwili wa kiki kwa ndani ilikuwa imebanduka upande mmoja, na skrubu tatu za tomu kubwa zilikuwa zimeganda. Nilielekezwa kwa fundi huyo kwamba ni mtengenezaji wa vyombo vya muziki. Tulikubaliana kazi hizo mbili tu, nikaziandika kwenye karatasi, nikalipa shilingi 120,000 kati ya 180,000. Snea nilibaki nayo nyumbani, nashukuru Mungu.

Nilipoitwa kuchukua mzigo, nilikuta dramu tatu nyeusi tii zimepakwa rangi ya gari ya kupulizia. Ganda la lulu lilikuwa limebanduliwa na kutupwa. Nembo ya Ludwig, ambayo ina namba inayosaidia kukadiria mwaka wa kutengenezwa, ilikuwa imepitiwa na msasa pamoja na mbao, na tarakimu mbili za mwisho hazisomeki. Fundi alikuwa anatabasamu. Akaniambia, "Kaka, nimekufanyia kama mpya, mbona hufurahi?"

Rangi inauma, lakini rangi haizuii dramu kulia. Kilichoniuma zaidi nilikiona nilipoinama. Skrubu za kukazia ngozi, zile zenye kichwa cha mraba kinachoingia kwenye ufunguo wa dramu, hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na boliti za pikipiki za spana namba kumi, zote 28 za tomu mbili. Skrubu zilizoganda zilikuwa tatu!

Naomba mniwie radhi nieleze hili kwa kirefu, kwa sababu ndipo hasara ilipo. Skrubu za dramu ya Kimarekani zina unene wa karibu milimita 5.5 na hesi 24, yaani mikato ya mzunguko wa skrubu, kwa kila inchi. Kipimo hicho bado kinatumika mpaka leo, kwa hiyo skrubu tatu zilizokufa zingeweza kuagizwa na zingeingia vizuri kwenye nati za seti hii bila kubadili chochote. Boliti ya pikipiki ina unene wa milimita 6 na hesi zilizoachana milimita moja. Ili iingie, fundi alipitisha kikatia hesi katika kila nati iliyomo ndani ya masikio, akala hesi za kiwandani na kuweka zake. Sasa skrubu sahihi zikifika zitapwaya, wala hazitashika sawasawa. Angezivunja zile tatu zilizoganda, ningetafuta nati tatu. Amenifanya nitafute nati 28 za masikio ambayo hayauzwi duka lolote ninalolijua katika mji huu. Nilipomuuliza kwa nini hakumwagia mafuta ya kulainisha kutu akayaacha yapenye siku mbili tatu, akasema hiyo ni kupoteza muda.

Kisha nikavua ngozi ya tomu ndogo nikaangalia ukingo. Ukingo ndio unaokaliwa na ngozi, na sauti yote ya dramu inaanzia pale: lazima uwe sawasawa duara zima, na wenye mteremko laini ili ngozi iguse mbao kwa mstari mwembamba tu. Fundi alikuwa amepitisha grenda. Nilipofika nyumbani nililaza tomu juu ya kioo cha dirisha, nikazima taa ya chumbani na kuweka tochi ndani ya tomu. Mwanga ulivuja sehemu tano. Kwenye sehemu moja kadi yangu ya benki ilipita chini ya ukingo bila kugusa popote. Ngozi iliyolala juu ya mawimbi ya namna hiyo haipati sauti sahihi hata ukeshe nayo usiku kucha. Unakaza upande huu, upande ule unakunjamana.

Na ile pete ya kiki iliyonipeleka kwake? Bado imebanduka. Amepulizia rangi juu ya ufa.

Najua wapo watakaosema ningekaa pale nimsimamie. Mimi ni mwajiriwa, natoka kazini saa kumi na moja jioni, na nilipita karakana mara tatu nikaambiwa kazi iko ndani na fundi hayupo. Wapo pia watakaosema Mwanza haina mafundi wa dramu, hivyo nisimlaumu. Simlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa sababu karatasi yangu ilikuwa na mistari miwili, namba yangu ya simu alikuwa nayo, na hakunipigia hata mara moja kabla ya kushika grenda.

Nimemwambia anirudishie 120,000, na akiendelea kukataa kama anavyokataa, nitalipeleka suala hili serikali ya mtaa nikiwa na makubaliano yetu na picha nilizopiga kabla na baada. Kingo zinaweza kunyooshwa kwa msasa uliogandishwa juu ya jiwe bapa, nikikubali kupoteza milimita chache za mbao, na kazi hiyo nimeshaianza mwenyewe kwenye tomu ndogo. Ninachokosa ni nati. Zile skrubu za zamani anasema aliziuza kama chuma chakavu, hajui kwa nani. Kwa yeyote anayepita kwenye chuma chakavu hapa mjini, kuanzia Makoroboi mpaka Igoma: akiona skrubu ndefu nyembamba zenye kichwa cha mraba, au masikio ya kromu yenye springi ndani hata kama yamepasuka, aniandikie hapa hapa. Nitakuja siku hiyo hiyo na nitalipa taslimu.